Sekunde Mbili za Honi

Watu walimwita Honi, na jina hilo hakupewa bure. Kabla hajapata kiti cha mezani, alikuwa akikaa jukwaa la juu kabisa, kule ambako bati linawaka na mchezaji anaonekana kama njiti ya kiberiti, na bado mchezaji huyo alimsikia. Akipiga kelele "Nungunungu!" watoto wachanga walilia na wauza maji waliangusha chupa. Siku moja refa alisimamisha mchezo akidhani mwenzake ndiye aliyepuliza filimbi.

Nungunungu ndiyo timu yake ya mpira wa kikapu. Honi alikuwa na mke, alikuwa na karakana ya kutengeneza friji, na alikuwa na Nungunungu, na mkewe alijua vizuri kabisa yeye anashika nafasi ya ngapi.

Lakini timu yenyewe, mh! Mara ya mwisho Nungunungu kubeba kombe, Honi alikuwa tumboni. Mama yake alikwenda kutazama fainali na ujauzito wake mbele, kwa hiyo mtoto alikuwepo uwanjani, ila hakuona kitu. "Nilisikia tu," alipenda kuwaambia watu, na wala hakuwa anatania. Tangu hapo timu ilimtesa kila msimu kwa mtindo mpya. Mwaka huu wanafungwa mapema ili mtu azoee, mwaka ujao wanakufikisha mpaka mlangoni halafu wanakumbuka kwamba ufunguo wameuacha nyumbani. Honi alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kuona Nungunungu wakibeba kombe. Kuona, kwa macho yake mawili.

Ndiyo maana, mzee aliyekuwa akiendesha saa ya uwanja alipostaafu, na watu wa ligi wakatafuta mtu anayeujua mchezo na asiyeogopa mitambo, Honi alikikimbilia kile kiti kama ameitiwa urithi. Kiti chenyewe kiko mezani, kando kabisa ya mstari, mahali ambapo jasho la wachezaji linakurukia usoni. Kazi ni kubonyeza kitufe saa iende, kukibonyeza tena isimame. Basi. Hata mkewe alimpongeza.

Sharti alikuja kuambiwa siku ya kwanza, ameshavaa shati la kijivu na hakuna pa kurudi nyuma. Mtu wa meza hashangilii. Hapigi makofi, hanuni, hanung'uniki. Mtu wa meza hana timu.

Aliyelisimamia sharti hilo ni karani wa meza, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mama Karani, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na viatu vyenye ncha. Honi alipovuta tu pumzi ya kushangilia, ncha ilimfikia kwenye muundi kabla pumzi haijafika kooni.

"Imeze hiyo, baba," alikuwa akisema, macho yakiwa kwenye karatasi yake ya pointi.

Basi akawa anameza. Kikapu kimeingia kutoka mbali, anameza. Refa kageuka kipofu, anameza. Msimu mzima alikaa kwenye kiti ambacho wenzake wa jukwaa la juu walikiota usiku, na raha aliyoipata ni ya mtu aliyealikwa karamuni halafu akafungwa taya mlangoni.

Na kelele ikimezwa haipotei. Ya Honi ilimtoka asubuhi yake, karakanani. Alikuwa akifungua friji bovu la mteja, anaingiza kichwa mpaka mabegani, anajivutia mlango, kisha anapiga ukelele mmoja wa haja: "Nungunungu-u-u!" Akimaliza anatoka, anajifuta uso, anaendelea kuchomelea bomba. Wateja walidhani ndivyo gesi inavyopimwa.

Msimu huo, sijui wachezaji walikula nini, Nungunungu wakaingia fainali. Na wapinzani wao wakawa Radi, timu ya shemeji yake.

Kila mtu wa meza alipewa tiketi moja ya mgeni. Honi akaipeleka kwa mkewe kwa heshima zote.

"Mpe kaka yangu," mkewe akasema. "Mimi nikuone ukimeza mate mbele za watu, halafu nirudi nikuheshimu tena? Hapana, mume wangu."

Hivyo alasiri ya fainali, nyuma tu ya kiti cha Honi alikaa shemeji yake, fulana ya Radi kifuani, simu mkononi, mdomo umenolewa.

"Shemeji, leo ukizimia niseme wewe ni nani yangu?"

Honi akatazama mbele.

"Au tayari umezimia? Mama Karani, hebu mguse huyu kama bado ana joto."

"Nyamaza wewe kijana," alisema Mama Karani. "Usisumbue meza."

"Simsumbui, mama. Namliwaza mapema, baadaye foleni itakuwa ndefu."

Mchezo ulikuwa mateso. Radi wakitangulia, Nungunungu wanawafikia. Nungunungu wakitangulia, wanaingiwa na adabu ghafla na kuwapisha wageni wapite. Honi alijikaza kisabuni. Alitafuna kola ya shati mpaka ikalowa. Muundi ulipigwa mpaka ukafa ganzi, ikabidi Mama Karani ahamie mguu wa pili.

Zikabaki sekunde mbili.

Radi walikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ulikuwa wa Nungunungu, wa kurushwa kutoka pembeni. Hapa kanuni ni nyepesi hata kwa mtoto: saa imesimama, na inaanza kwenda pale tu mpira unapoguswa na mchezaji aliye ndani. Kila jicho ukumbini lilikuwa kwa Kisoda, mchezaji mfupi kuliko wote, kipenzi cha Honi, ambaye msimu mzima alikuwa akipita mbele ya meza bila hata kusema habari yako.

Kidole cha Honi kilikuwa juu ya kitufe. Akameza mate. Akasubiri teke. Teke halikuja.

Mpira ukarushwa. Kisoda akaruka katikati ya majitu mawili akaudaka, na hapo mikono ya Honi ikafanya kile ilichokuwa ikifanya miaka yote kule jukwaa la juu Kisoda akishika mpira. Ilipanda kichwani. Yote miwili.

Kisoda akadunda mara moja, akawapiga chenga, akageuka, akaachia. Kwa Honi safari ya ule mpira ilikuwa ndefu kama mwaka wa njaa. Angeweza kuoa na kulea wakati ule mpira uko hewani. Ukashuka, ukaingia bila hata kugusa chuma.

"NUNGUNUNGU-U-U!"

Msimu mzima ulimtoka kwa mkupuo. Alikuwa amesimama juu ya kiti, shati limechomoka, kaona! Kaona kwa macho yake! Kisha akajiuliza kwa nini king'ora hakijalia. Akatazama juu, kwenye ubao.

Mbili. Saa ilikuwa imekaa palepale, imetulia kama paka kwenye mkeka.

Akashuka kwenye kiti polepole. Mama Karani naye alikuwa anautazama ubao. Kocha wa Radi alikuwa anakuja mbio, mishipa ya shingo imemtoka, na mbele yake refa mkuu.

"Saa haikwenda," alisema refa. "Bwana saa, sikiliza vizuri. Kama mtambo uligoma, kanuni yetu ni moja: mpira unarudiwa, na sekunde ni zilezile mbili. Kama ni wewe uliyechelewa, basi sisi tutatazama picha, tutahesabu wenyewe, tuone mpira uliachiwa ndani ya muda au nje. Ni kipi?"

Nyuma ya Honi, shemeji alikuwa bado ameinua simu. Na kabla Honi hajajibu, Kisoda mwenyewe akaja akaegemea meza, jasho likimdondoka juu ya karatasi za Mama Karani, akasema neno lake la kwanza kwa Honi tangu dunia iumbwe.

"Kaka. Kitufe kiligoma, sivyo?" Na akamkonyeza.

Honi alipiga hesabu. Kudaka, kudunda, chenga, kugeuka, kuachia. Yote hayo kwa sekunde mbili? Haiwezekani. Yeye ndiye mtu wa saa, nani anayejua muda kuliko yeye? Wakitazama picha kikapu kinafutwa, na kombe linakwenda. Wakirudia, angalau kuna tumaini. Na kitufe chenyewe kilikuwa kizee, kimezungushiwa utepe mweusi, nani angekitetea?

"Kiligoma," alisema.

Refa akamgeukia Mama Karani. Mama Karani akavaa miwani. "Mimi naandika pointi," alisema. "Kitufe si changu."

Wakarudia. Safari hii Honi alibonyeza kama amezaliwa na kile kitufe: mpira unaguswa, saa inaondoka. Ila Radi nao si wajinga. Ujanja wa Kisoda walikuwa wameshauona, na watatu walimvamia kama nguo zinavyoanguka kutoka kamba iliyokatika. Akarusha huku anaanguka. Mpira ukazunguka kwenye chuma, ukazunguka tena, ukachungulia ndani kama mgeni anayeuliza wenyewe wapo, halafu ukatoka nje. King'ora kikalia vizuri sana.

Radi wakabeba kombe.

Honi alikuwa amekaa kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, juu ya kreti ya soda, shemeji alipomfuata. Hakuwa anacheka, na hilo lilimtia Honi wasiwasi zaidi.

"Shemeji, nikuonyeshe kitu? Ila usinipige."

Akainua simu. Alikuwa amechukua video. Kwenye video kulikuwa na mgongo wa Honi, mikono kichwani kama mtu anayekamatwa na polisi; juu yake ubao na ile mbili yake; na mbele, Kisoda.

"Mimi nimeirudia sana. Hesabu na wewe."

Honi akahesabu. Akairudisha mwanzo, akahesabu tena kwa saa ya simu yake mwenyewe. Akaomba ahesabu tena. Kisoda anadaka, anadunda, anageuka, anaachia, na mpira unatoka mkononi kabla sekunde ya pili haijaisha. Si kwa kubahatisha. Nafasi ya kukohoa ilibaki.

"Ungesema ni wewe," shemeji alisema taratibu, "wangetazama picha. Kikapu halali. Saa hizi ungekuwa umebebwa mabegani, Shemeji."

Honi akamrudishia simu.

"Usiogope, simwonyeshi mtu. Mtu aliyetupa kombe namchomaje? Wenzangu wangejua, wangekushonea fulana." Akampigapiga begani, na ile huruma yake ikauma kuliko kejeli zote za alasiri. "Twende nyumbani. Dada ametupikia."

Mlangoni walikutana na Mama Karani, mkoba kwapani.

"Nina kosa langu leo," alimwambia Honi. "Mwisho pale niliurudisha mguu. Nikasema, mtu kavumilia msimu mzima, acha ashangilie mara moja." Akatikisa kichwa. "Ningekupiga teke, baba."

Kesho yake karakana ilijaa mashabiki wa Nungunungu waliokuja kuomboleza. Wote walilia na kitufe. Kitufe kibovu! Kitufe kimenunuliwa na Radi! Walimtazama Honi wakimsubiri alipuke, maana kila msiba wa timu yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kelele. Honi aligeuza bisibisi mkononi na kusema, "Ndiyo hivyo."

"Pole sana, fundi," walimwambia. "Na wewe imekuuma."

Walipoondoka akaja dereva wa ligi na boksi. Ndani kulikuwa na kile kitufe, waya wake na utepe wake mweusi.

"Wakubwa wamesema, kwa kuwa wewe mwenyewe ni fundi, kitazame kina ugonjwa gani. Wanataka taarifa."

Honi akakiunganisha na taa ndogo ya kupimia. Akabonyeza. Taa ikawaka. Akabonyeza, ikazima. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kwa kiwiko, kwa nguvu, kwa kubembeleza. Akabandua utepe, akafungua mfuniko: waya safi, springi safi, hata kutu hakuna. Akakitikisa. Akakitukana. Akabonyeza. Taa ikawaka.

Friji la mteja lilikuwa wazi kando yake. Akaliendea, akaingiza kichwa mpaka mabegani, akajivutia mlango. Hakujua apige kelele ya nani. Ya refa? Refa aliuliza vizuri. Ya Kisoda? Ya Mama Karani na mguu wake? Mwisho akatoka vilevile alivyoingia, sikio limepata baridi.

Mkewe alimkuta akikunja shati la kijivu.

"Unakwenda wapi na boksi hilo?"

"Ligi. Wanataka kujua ugonjwa."

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Utatengenezeka?"

Honi akaweka shati juu ya kitufe, akafunga boksi kwa utepe mweusi uleule.

"Mezani, hapana," alisema. "Kule juu, kwenye bati, labda."

Akalibeba boksi kwapani akatoka. Mtaani kila aliyevaa jezi ya Nungunungu alimpa pole, na kila pole ilimfanya aongeze mwendo. Humo ndani ya boksi, kila alipokanyaga, kitufe kilijibonyeza chenyewe: ka. Ka. Ka. Hakikukosea hata mara moja.