Tutakuachia

Neno lilikuwa moja tu, tena lilitoka kinywani mwa shemeji yake, kaka wa mkewe, msimamizi wa karakana. "Vumilia, shemeji. Wakati ukifika, tutakuachia."

Wenzake walimwita Randa, kwa jinsi alivyopiga randa mbao za madawati tangu ndevu hazijaota. Alilipokea neno lile akaenda nalo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Na nani asingelipokea? Siku hiyo walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mbele ya mashine ya kukereza. Mashine ya zamani, imefunikwa turubai, haina mwenye haja nayo, maana dawati halina mviringo. Dawati ni ubao, ubao, msumari, basi. Lakini moyo wa Randa ulikuwa kwenye mviringo. Alitaka mti uzunguke mbele yake, ashike patasi, auambie uwe bakuli, uwe mguu wa kiti, uwe chochote alichoamka nacho kichwani. Aliomba chumba kile, akajibiwa hivyo.

Mkewe hakupendezwa. "Achana nao. Tuezeke banda hapa uani, ufanye kazi ya roho yako."

"Subiri kidogo, mama. Kaka yako kasema wataniachia."

"Kaka yangu namjua. Tumenyonya ziwa moja."

"Si ndiyo sababu ya kumwamini?"

Mama wa watu akacheka, akaendelea kuanika nguo. Naye mke akasubiri. Akaugua akisubiri, akafa akisubiri, na mazikoni shemeji ndiye aliyelia kuliko wote. Kwa kulia, wakubwa hawajambo.

Sasa asubuhi moja wafanyakazi wakaitwa uani. Mashine mpya za kukatia zilikuwa zimeshushwa, bado zimevaa nailoni zake. Shemeji akapanda juu ya gogo, suruali imepigwa pasi hadi inataka kukata mtu, akazungumza maneno marefu yaliyojaa mabadiliko na maendeleo. Wakubwa wakitaka kukuumiza hupitia huko kwanza. Mwishoni akamgeukia Randa.

"Na mzee wetu huyu tunamshukuru. Umetutumikia vizuri. Kuanzia leo, tunakuachia."

Kwa furaha Randa akamshika shemeji mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, shemeji! Ahsanteni jamani! Mungu awazidishie!"

Watu wakatazamana. Msasa, mpiga msasa ambaye Randa alikula naye sahani moja kila mchana, akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Randa akachukua ufagio, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Akafagia, akavuta turubai, akatia mafuta kila palipolia. Akanoa patasi. Akaokota kipande cha mti kilichotupwa, akakifunga kwenye mashine, akawasha. Ikaguna, ikapiga chafya ya vumbi, kisha ikazunguka. Maranda yakaanza kutoka marefu, yanajikunja, yanamwangukia kifuani. Alicheka peke yake kama mwehu. Tumbo la bakuli lilikuwa limeshaanza kuonekana shemeji alipotokea mlangoni.

"Shemeji! Hujaondoka?"

"Niondoke niende wapi? Ndiyo kwanza naanza."

"Unaanza nini? Sijakwambia mbele ya watu kwamba tunakuachia?"

"Umeniambia. Ndiyo maana unaniona humu."

Shemeji akajifuta jasho. "Tunakuachia uende, shemeji. Ukapumzike. Chumba hiki kinakuwa stoo."

Kumbe kuna kuachiwa kama mrithi, na kuna kuachiwa kama kuku kutoka tengani. Randa akamtazama, patasi mkononi, mashine bado inazunguka.

"Siku ile mlangoni hapa, ulikuwa na maana ipi?"

"Shemeji, mambo ya ofisi hayo. Mimi pia nina wakubwa wangu."

"Dada yako alilielewa kama mimi. Kafa nalo."

"Usimwingize marehemu!" Shemeji akageuka, akapiga kelele, "Zimeni umeme huko!"

Umeme ukazimwa. Bakuli likapunguza mwendo, likasimama, upande mmoja laini, upande wa pili bado gogo. Randa akashika gurudumu la mashine kwa mkono. Lilizungushika, ila kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja azungushe, mwingine akate. Akawaona wenzake wamejazana nyuma ya shemeji.

"Msasa! Njoo unizungushie. Nimalize hili moja tu."

Msasa akamtazama msimamizi kwanza. "Nina watoto, Randa."

"Sikuombi watoto. Nakuomba mkono."

"Ungeondoka tu vizuri, ndugu yangu. Sote tulijua tangu wiki iliyopita."

Sote. Randa akazungusha kwa mkono wa kushoto, akakata kwa wa kulia. Patasi ikaruka, ukingo ukachanika. Akazungusha tena.

"Sema unanifukuza," alimwambia shemeji bila kumtazama. "Sema kwa Kiswahili cha watu, nikusikie."

Shemeji akaita walinzi, nao wakamshika Randa kwapani, taratibu, kwa heshima zote, "Twende, mzee, twende." Msasa ndiye aliyewashikia mlango wapite.