Riwaya Itakayokupa Usingizi

Générose alitaka jalada la nyuma la riwaya yake liseme: "Riwaya hii ya mauaji itakunyima usingizi." Vitabu vilipotoka kwa Henri, mpiga chapa wa karibu na soko kuu, jalada lilisema: "Riwaya hii itakupa usingizi."

"Niliona kosa, mwalimu, nikatengeneza," Henri alisema, akitabasamu kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Nani atauza kitu yenye inanyima batu usingizi?"

Générose alipakia maboksi kwenye toleka, na dereva akaikanyaga baiskeli taratibu hadi nyumbani kwake.

Hakukitangaza kitabu. Lakini jirani yake Larissa, muuza dawa, alilisoma jalada, akachukua nakala kadhaa akazipanga kati ya vidonge na dawa za kikohozi. Zikaisha. Akarudi kuomba nyingine.

"Nani anazinunua?" Générose aliuliza kwa uchungu.

"Nenda kwa papa Mumbere, yule wa vitenge. Tangu afiwe na mke wake, mama Berthe, alikuwa halali kabisa. Sasa analala."

Générose akaenda mchana huohuo, hasira imemjaa kifuani. Jua lilipenya kwenye vitenge vilivyotundikwa mlangoni, likamwaga rangi sakafuni. Papa Mumbere aliposikia jina la mgeni wake, alisimama akamshika mikono yote miwili.

"Ni wewe uliandika? Merci, mama. Nasoma pale pirogue inaondoka kwenda Yangambi, ukungu iko juu ya maji. Alors, na mimi napanda."

"Halafu?"

"Halafu nalala. Lakini pirogue haisimame. Berthe iko mbele, mukono yake ndani ya maji. Tunapita visiwa. Ndege nyeupe zinalala juu ya miti. Hatusemi kitu."

Générose alisikia hasira yake ikilegea.

"Na mauaji, papa? Hujayafikia?"

"Mauaji?" Mzee alimtazama kwa mshangao. "Hapana, mama. Kwangu hakuna mutu anakufa."

Générose aliketi juu ya rundo la vitenge. Hakumwambia kwamba kitabuni, abiria wa mbele ndiye anayeuawa.

"Unisomee kidogo," papa Mumbere aliomba, akijiegemeza kitini. "Macho imechoka."

Akamsomea. Mtumbwi uliacha ukingo, makasia yakazama na kuinuka, na sauti za mji zikabaki nyuma. Mzee alikuwa amelala kabla ya kisiwa cha kwanza. Mteja aliingia akitaka kitenge cha harusi. Générose akainua kidole, na yule mama akakaa kimya karibu na mlango, akasikiliza.

Ukurasa uliofuata ndio uliokuwa na kisu. Générose aliutazama kitambo, kisha akafunga kitabu. Akaendelea kusimulia kwa maneno mapya, polepole, mtumbwi ukiipita Yangambi bila kutia nanga, na maji yakizidi kuwa mapana.