Uyoga Ukishaiva

Sahani ilikuwa moja tu. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla ya mvuke, kabla ya harufu ya vitunguu. Binti wa mume wangu, ambaye tangu niolewe hakuwahi kunipikia hata chai, alinivutia kiti.

"Nimeuchuma mwenyewe," alisema. "Ule wa zambarau."

Miezi yote ile alikuwa akinichunga kama polisi. Nikipakua, hali mpaka nimeze mimi kwanza. Baba yake alicheka, akisema mtoto ana adabu, anasubiri wakubwa. Mimi nilijua anachosubiri, na kiliniuma.

Nilidhani msituni ndiko tungepatana. Chini ya mikaratusi, baada ya mvua, nilimwonyesha kofia za uyoga wa zambarau zikichungulia kwenye majani makavu, aina mbili zinazofanana kama mapacha.

"Macho yatakudanganya," nilimwambia. "Laza kofia juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli mpaka asubuhi. Likidondoka vumbi la rangi ya waridi, pika. Likiwa la rangi ya kutu, fukia."

"Huo wa kutu unaua?"

"Polepole. Unakula figo."

Hakuwahi kunisikiliza kwa makini namna ile. Nilifurahi, mjinga mimi.

Sasa nilikuwa nikikoroga sahani kwa kijiko. Uyoga ukishaiva, zambarau yote hutoka. Wa kuliwa na wa kufukiwa huwa rangi moja ya udongo. Hapakuwa na cha kutambua tena isipokuwa uso wa yule binti, nao ulikuwa mkavu.

"Uliweka karatasi?"

"Niliweka. Waridi."

"Wewe huli?"

"Nimeshiba."

Baba yake alikuwa safarini. Nikikataa, nimemwita muuaji, na nyumba ile isingekalika tena. Nikila je? Niliogopa, nasema kweli. Hata hivyo nikajaza kijiko.

Kilipogusa mdomo akanidaka mkono, mchuzi ukamwagika mezani.

"Usile. Karatasi sikuweka."

Hatukutazamana. Tulichimba shimo nyuma ya jiko, tukamwaga sufuria nzima, yeye na jembe, mimi na ndoo. Kama alisahau au alikusudia, sijamuuliza mpaka leo, na watoto wake sasa wananiita bibi.

Alipomaliza kunawa aliuliza kama kuna mayai. Nikakaanga, nikaweka sahani mbili. Alianza kula kabla sijakaa.