Barakoa za Kukulia

Kama kungekuwa na cheo cha mtu anayejua makosa ya serikali kabla serikali yenyewe haijayafanya, fundi cherehani wa mtaa ule angekipata bila usaili. Watu walimwita Msemaji, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Tangu ugonjwa uingie nchini, kibaraza cha duka lake kiligeuka bunge. Asubuhi aliilaani serikali kwa kuchelewa kufunga mipaka, mchana akailaani kwa kufunga shule, na jioni, chai ikiwa imeshapoa, akailaani kwa kuficha idadi ya wagonjwa na papo hapo kwa kuwatisha watu na idadi ya wagonjwa. Mwenyewe alijisikia jinsi anavyojipinga, lakini kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, aliona si vizuri kuwakatisha tamaa.

Ukweli ni kwamba kilichomuuma zaidi kilikuwa shule. Yeye alikuwa fundi wa sare. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mtoto wa mtaa ule aliyeanza darasa la kwanza bila kupita mikononi mwake, na kila mzazi alikuja na ombi lile lile: "Fundi, mwachie nafasi ya kukua." Naye akawaachia. Vidole viwili kila upande: kiunoni, mabegani, kwenye pindo. Mkono wake ulizoea mpaka ukawa hauulizi kichwa. Shule zilipofungwa, cherehani ikanyamaza, na Msemaji, mwenye kila kitu cha kusema, akawa hana cha kushona.

Ndipo dada yake alipokuja. Dada huyu alikuwa nesi mkuu wa zahanati ya mtaa. Alimzidi miaka sita, alimlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye mtu pekee duniani ambaye Msemaji hakuwa na maoni juu yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na karatasi mkononi.

"Wilaya inatafuta fundi wa kushona barakoa elfu mbili za kugawa bure," alisema. "Nimewaambia kuna mmoja namfahamu. Vipimo hivi hapa. Usiongeze, usipunguze."

"Mimi, dada, niishonee serikali? Watu si watasema nimenunuliwa?"

"Basi nitafute fundi mwingine?"

"Mimi sijasema hivyo," alijibu upesi. "Nimesema tu watu wasijue."

Akashusha pazia la mlango, akawaambia wenzake wa kibarazani kwamba anashona foronya za ndugu mmoja wa mbali. Ndugu huyo, kwa foronya alizoagiza, bila shaka alikuwa na vichwa vingi. Kwa siku kumi na mbili Msemaji alikata na kushona, na kila baada ya saa mbili alitoka nje kuilaani serikali ili asishukiwe. Barakoa ya kwanza aliijaribu mwenyewe mbele ya kioo. Ilimfunika kuanzia chini ya macho mpaka kooni, na bado ikabaki nafasi ya mtu wa pili. Moyo wake ukatulia, kama unavyotulia siku zote akiona nguo imezidi. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo kwa kuwa kubwa.

Barakoa ziligawiwa Jumatatu. Jumanne asubuhi fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuja kibarazani na yake ikimning'inia kidevuni kama kitambaa cha kulishia mtoto.

"Hebu ona walichotuletea!" alisema. "Nikivuta pumzi inaingia mdomoni, nikitoa inaanguka!"

Msemaji hakungoja kukaribishwa. "Wamempima nani hawa, tembo?" Watu wakacheka, naye akapata nguvu. "Serikali haijui hata uso wa mwananchi wake una ukubwa gani! Tumeomba barakoa, wametuletea chandarua!"

"Ni makusudi," akadakia muuza maji. "Wanataka kutufunika mpaka macho tusione wanavyokula."

Hoja hiyo Msemaji aliipokea, akaitia chumvi, kisha akaichukua barakoa ya fundi viatu ili aioneshe vizuri kwa watu. Hapo ndipo alipoiona kona. Ilikuwa imerudiwa kwa mishono mitatu, vile vile anavyoimarisha yeye mifuko ya kaptula, kwa sababu watoto hujaza mawe mifukoni. Vidole vyake vikapima vyenyewe bila kutumwa: viwili huku, viwili kule.

"Vipi, Msemaji? Mbona umenyamaza?"

"Hasira," alisema. "Nimeshikwa na hasira."

Angeweza kusema siku ile ile. Maneno yenyewe aliyajua: ni mimi, nimekosea, leteni nizipunguze. Yalikuwa machache kuliko salamu zake za asubuhi. Lakini alikuwa ameshasema tembo, ameshasema chandarua, na kicheko cha watu kilikuwa bado kinamwasha masikioni kwa utamu. Akajipa moyo kwamba serikali ni kubwa, imezoea kulaumiwa, na lawama moja zaidi haitaisikia.

Jumatano dada yake alirudi kwa mlango ule ule wa nyuma. Safari hii hakuketi.

"Wilaya imeniita," alisema. "Watu wanazitupa barakoa mitaroni, habari zimefika juu. Ijumaa ofisa anakuja kufanya mkutano, na lazima aondoke na jina la mtu. Aliyemtafuta fundi ni mimi. Nisipokuwa na jibu, wataniondoa zahanati."

"Wakuondoe wewe? Kwa kosa gani?"

"Ndilo ninalokuuliza. Ulifuata vipimo nilivyokupa?"

Msemaji alishika mkasi, akauweka chini, akaushika tena.

"Nilifuata," alisema. "Usiwe na wasiwasi, dada. Serikali hii umeshaona imemwajibisha nani? Watakuja, watapiga domo, wataondoka."

Dada aliutazama ule mkasi, akakaza kamba za barakoa yake ya kazini, akatoka.

Zahanati ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Nusu ya mtaa imezaliwa mikononi mwake, na ugonjwa ulipopamba moto alilala kule wiki nzima, kwenye benchi la wagonjwa, ili asiupeleke kwa watoto wake nyumbani. Msemaji aliyajua yote hayo. Aliyajua, akayaweka pembeni, kwa sababu jioni ile fundi viatu alimletea ujumbe wa heshima: mtaa mzima umemteua asimame Ijumaa kusema kwa niaba ya wote. Alikataa kwanza, kwa adabu, kama dakika moja hivi. Kisha akaandika hotuba ya hoja tisa. Hoja ya barakoa ilikuwa ya tano, na ilimtoka vizuri mno. Akiisoma peke yake chumbani, alikaribia kumchukia huyo aliyezishona.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Viti vilipangwa mbalimbali, mita moja na nusu baina ya mtu na mtu, na watu wakavisogeza karibu ili walalamike kwa pamoja. Wengi walivaa zile barakoa za bure, wengine wamezikunja mara mbili, wengine wamezipiga fundo kisogoni. Ofisa aliwaachia wananchi waseme kwanza. Mwenye mgahawa alisema wamemfungia biashara bila kumwambia atakula nini. Dereva alisema majibu ya vipimo huja baada ya wiki mbili, mtu akiwa ameshapona au ameshazikwa. Mwanamke mmoja alisema mumewe alifia wodini naye yuko getini, haruhusiwi hata kumwona kwa mbali, na hakuna ofisa aliyewahi kumpa pole. Yalikuwa malalamiko ya kweli hayo, na Msemaji, karatasi yake ikiwa mfukoni, aliona aibu kwamba yeye amekuja kulalamikia vitambaa.

Ofisa alishika kipaza sauti. Yale mengine aliahidi kuyafikisha mbele, kisha akafungua barua.

"Kuhusu barakoa, uchunguzi umekamilika," alisema. "Nesi mkuu wa zahanati hii ameandika kwa mkono wake mwenyewe: 'Vipimo nilivyompa fundi vilikuwa na makosa. Fundi alifuata alichoambiwa. Kosa ni langu.' Kwa hiyo, kuanzia leo ameondolewa hapa. Atasubiri kupangiwa kituo kingine."

Uwanja ulilipuka kwa furaha. Hatimaye serikali imekiri kosa! Fundi viatu alipiga makofi mpaka barakoa ikamwanguka. Dada alikuwa amesimama pembeni karibu na ndoo ya kunawia, mikono nyuma, anatazama chini. Msemaji alipomwona vile, alielewa. Kumbe alijua. Tangu Jumatano alijua kwamba anadanganywa, na alichofanya ni kurudi kwake kuandika barua.

"Msemaji sasa!" watu wakaita. "Simama uwamalize!"

Alisimama. Aliitoa hotuba, akaitazama, na katika hoja zote tisa hakuona neno la kumsaidia.

"Barakoa hizi nimezishona mimi," alisema.

Watu walitazamana.

"Wamemnunua!" akapaza sauti mmoja kutoka nyuma. "Wamekupa ngapi, Msemaji?"

"Anamkinga dada yake tu," fundi viatu aliwaambia wenzake kwa huruma. "Kaa, ndugu yangu. Tunakuelewa."

Ikawa ndiyo hivyo. Miaka yote alikuwa akisema mambo asiyoyajua na watu wakayaamini. Leo amesema jambo moja analolijua barabara, wanamwambia akae. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini dada alikuwa ameinua macho na anamtazama.

"Wewe fundi viatu," alisema, "kijana wako wa pili nilimshonea kaptula ya darasa la kwanza. Ilimkaa lini?"

Fundi viatu alifikiri. "Darasa la nne," alijibu.

"Na wewe mama hapo mbele, gauni la binti yako?"

"Lile? Alilivaa akamwachia mdogo wake, na bado linaburuta!"

"Basi. Vipimo vya dada vilikuwa sahihi. Ni mimi niliyewaachia nafasi ya kukua."

Muuza maji ndiye aliyeangua kicheko kwanza, wengine wakafuata. Watu walivua barakoa kufuta machozi, wakazigeuza kuangalia kona, wakaoneshana ile mishono mitatu ambayo kila mzazi pale aliifahamu kutoka kwenye kaptula za mwanawe. "Kumbe hizi ndizo foronya!" akasema mtu. "Na tembo ni nani sasa?" akauliza mwingine. Msemaji alisimama katikati akayapokea yote, na aliona, kwa unyonge, kwamba utani wa wenzake ulikuwa mzuri kuliko hotuba yake.

Ofisa alijikaza asicheke, akashindwa. Alipopata sauti, alimwamuru Msemaji azikusanye zote na kuzipunguza bila malipo, kisha akaichana ile barua na kumwambia nesi arudi kazini. Ulikuwa uamuzi wa haraka kuliko wote ambao Msemaji alipata kuuona ukifanywa na serikali, na alikosa pa kuulaumu.

Watu walipotawanyika alimfuata dada yake pale kwenye ndoo, mikono imejaa barakoa zilizorudishwa. Alikuwa amejiandaa kupokea shukrani. Tusimfiche, hata jibu la kinyenyekevu alikuwa ameshalichagua.

"Nisamehe, dada," alisema. "Lakini si umeona nimesimama?"

"Nimeona." Dada alikuwa ananawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyowafundisha watu kutwa nzima. "Sasa niambie kitu kimoja, mdogo wangu. Kama barua ile ingekuwa ya nesi mwingine, mtu tu, si dada yako, ungesimama?"

Msemaji alifungua mdomo. Dada alimngoja, hakumhimiza, akakausha mikono yake mpaka ikakauka kabisa. Kisha akamgusa bega, akaondoka kwenda zahanati, ambako foleni ilikuwa imeshafika nje. Msemaji alibaki pale pale na mzigo wake mikononi. Jibu alikuwa nalo, ila halikutoka.