Dubu wa Kapteni Dorrance

Kwa mujibu wa Chama cha Urithi cha mji wa Dorrance, Kapteni Asa Dorrance aliijenga nyumba yake ya magogo kwa mikono yake mwenyewe, na kila alipoua dubu alichonga alama ukutani. Ukapteni huo aliupata kwa kugawa majani ya farasi wa jeshi, maili mia mbili kutoka uwanja wa vita. Huenda dubu nao aliwaua kwa umbali huohuo.

Orlena Skeens alikuwa juu ya ngazi akikandika udongo na chokaa kati ya magogo, siku mbili kabla ya kibao cha shaba kuzinduliwa. Tangu utotoni alikuwa akiambiwa nyumbani kwao kwamba nyumba ile ilikuwa ya Mahala Skeens, bibi wa baba yake, mjane aliyetia alama ya msalaba kwenye karatasi akidhani anauza makaa ya mawe tu yaliyo chini ya ardhi, na Kapteni akajitwalia hadi paa. Kila aliposema hayo, mji ulimcheka. Sasa alikuwa amekwangua udongo wa zamani hadi kwenye ncha za magogo, na alichokiona hakikuwa hesabu ya dubu. Zilikuwa namba za Kirumi, gogo kwa gogo kutoka chini kwenda juu, kama mafundi wazichongavyo wanapoivunja nyumba ili waisimamishe kwingine.

"Bi. Ackerly!" alimwita mwenyekiti wa chama, aliyekuwa akipanga viti barazani. "Hebu njoo uwaone dubu wako."

"Nawaona mwaka wa kumi na tisa huu, mpenzi."

"Gogo la kwanza dubu mmoja, la pili wawili, la tatu watatu. Walikuwa wakifa kwa foleni?"

"Kapteni alikuwa mtu wa utaratibu."

"Na hapa, baada ya kumi na tatu, mmebandika ubao wa kiwandani. Wa kumi na nne alimshinda mbio?"

Bi. Ackerly alitabasamu kama mtu anayemtupia mbwa mfupa huku akikusanya sketi yake isiguswe. "Wewe kandika, mpenzi. Historia tuachie sisi."

"Nikikuletea hilo gogo, utaliweka jina la Mahala kwenye kibao?"

"Lilete, nitalichonga mwenyewe!" alisema, akacheka hadi miwani ikamteleza.

Miaka hiyo ya zamani, siku watu wa Kapteni walipokuja kuivunja nyumba ili waihamishe, Mahala aliliketia gogo moja na hakunyanyuka. Mikokoteni ilikuwa ikisubiri. Wakaondoka bila hilo. Tangu hapo lilikuwa juu ya mlango wa kibanda cha kukaushia nyama cha akina Skeens. Jumamosi alfajiri, siku ya uzinduzi, Orlena na kaka yake Garnet waliung'oa ule ubao, wakayainua magogo ya juu kwa jeki na kulisukuma lao mahali pake. Likakaa kama jino kwenye ufizi wake. Kwenye ncha lilisomeka XIV.

Bi. Ackerly alipofika alipitisha kidole kwenye namba ile. Kisha tabasamu likarudi.

"Zawadi nzuri mno! Tutaweka kadi ndogo pale chini: lilitunzwa na akina Skeens, watumishi waaminifu wa Kapteni."

"Na jina la Mahala?"

"Kibao ni cha waasisi, mpenzi. Tusivuruge sherehe."

Orlena alimgeukia Garnet. "Leta jeki."

Saa tano, kitambaa kilipovutwa, kibao kiling'aa kandoni mwa tundu refu, na kupitia tundu hilo wageni waliziona keki za tufaha zikiwasubiri mezani.

"Prudence," mzee Hobart Teague, mchimba makaa mstaafu, alimuuliza Bi. Ackerly akivuta pumzi kwa shida, "dubu wa kumi na nne kaenda wapi?"

"Yuko huku!" ilisikika sauti ya Orlena kutoka barabarani. "Anaitwa Mahala! Njoo umguse, mzee, hang'ati!"

Mzee Teague aliteremka ngazi za baraza polepole. Wengine wakamfuata, wawili, kisha sita, kisha safu nzima ya mbele. Bi. Ackerly aliendelea kuvisomea viti hotuba yake juu ya mikono ya Kapteni.

Nyuma ya gari bovu la Garnet, Orlena alikuwa ameliketia gogo, na hakunyanyuka.