Kabati la Mama Mkwe

Tangu alipokata simu ya Alphonsine, Hesketh Laronde hakutulia. Aliketi, akainuka, akaenda mpaka mlango wa bohari, akarudi, akafungua mfuko wa karatasi wenye mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi aliofungiwa na mkewe, akaukunja tena bila kuonja. Mtu mzima huyo, mfamasia wa miaka nenda rudi, mkuu wa bohari ya dawa ya kisiwa kizima cha Saint Remy, na asubuhi ile hakuweza hata kumaliza kikombe cha kahawa.

"Mr. Laronde, una siafu kwenye kiti?" Ma Bontemps aliuliza bila kuinua macho kwenye kompyuta. Alikuwa karani wake, mjane mwenye ulimi mwepesi, na ofisi yao ilikuwa ndogo mno kwa mtu kuhangaika kwa siri.

"Joto tu."

"Joto lilikuwepo na jana."

Hesketh akajifanya anapanga karatasi. Alikuwa amesema uongo, tena si ule uongo wa kazini. Ule wa kazini kwao unaruhusiwa.

Visiwa vyao ni vidogo. Kisiwa kimoja kikiagiza dawa peke yake, viwanda vya ng'ambo havijisumbui hata kujibu. Nani atapakia meli kwa ajili ya watu wanaoweza kuenea kwenye uwanja mmoja wa kriketi? Ndiyo maana serikali za visiwa hivyo ziliamua zamani kununua kwa pamoja, oda moja, bei moja, kisha kila moja ichukue fungu lake. Ulikuwa uamuzi wa maana, na wako watu wanaotembea leo kwa sababu yake. Lakini meli huchelewa, viwanda huvunja ahadi, na hapo ndipo watunza bohari hupigiana simu wakakopeshana. Leo unampa jirani insulini, mwezi ujao naye anakutoa kwenye shida ya dawa ya pumu, maisha yanakwenda.

Sasa, hakuna mtunza bohari mwenye akili zake anayetoa kila alichonacho. Kila bohari ina kabati la pembeni ambalo wakaguzi hawaonyeshwi na waziri haambiwi. Wenyewe wanaliita kabati la mama mkwe, kwa sababu kila nyumba ina vile vyombo vizuri visivyotolewa mpaka mama mkwe aje. Na desturi yao ni hii. Jirani akipiga simu huuliza, "Una chochote?" Unaweza kusema huna, na hakuna atakayenuna, hata kama anajua unacho. Hali ikiwa mbaya kweli huuliza mara ya pili, "Hata kwa mama mkwe?" Hapo hudanganyi. Hakuna aliyeapishwa, wala hakuna mkutano uliopitisha jambo hilo, lakini swali la pili hujibiwa kweli, basi.

Alphonsine Prosper, wa bohari ya kisiwa cha Canelle, alikuwa ameuliza yote mawili. Alitaka habari za magnesiamu, ile ya sindano anayochomwa mjamzito presha inapopanda ikamletea kifafa cha mimba. Ni dawa rahisi kuliko chupa ya bia, na huo ndio mkosi wake, maana kitu kisicho na faida viwanda havikikimbilii. Shehena yao ya pamoja ilikuwa imekwama bandari ya mbali, na visiwa vyote vilikuwa vinakwangua chungu.

"Una chochote, kaka?"

"Sina, dada."

"Hata kwa mama mkwe?"

Nyuma ya ukuta, ndani ya kabati la chuma, lilikuwepo boksi zima ambalo halijafunguliwa. Na nyumbani, juu ya kochi la ukumbini, miguu imepandishwa kwenye mto, alikuwepo Jozelle, binti yake wa pekee, mimba ya miezi minane, presha juu, uso umeanza kuvimba. Daktari alikuwa amesema wasubiri kidogo kumzalisha, mtoto apate nguvu. Akilini Hesketh aliliona lile boksi, akamwona na Jozelle, mdomo ukatangulia.

"Hata kwa mama mkwe, dada. Pamekauka."

"Masikini. Na Jozelle anaendeleaje?"

"Yupo tu. Tunamwomba Mungu."

"Haya, kaka. Hebu nione."

Hebu nione. Aone nini? Neno hilo ndilo lililomzunguka kichwani asubuhi nzima. Alijitetea kimoyomoyo kama mtu aliye mahakamani. Kwanza, yeye ni baba. Pili, Alphonsine hakusema ana mgonjwa. Tatu, Canelle nao lazima walikuwa na akiba yao, watu wa Canelle wanajulikana kwa ubahili tangu enzi za mababu. Kila hoja ilimridhisha kwa muda wa kutoka kwenye kiti mpaka dirishani, na akifika dirishani ilikuwa imeshakufa. Kwa nini asiseme tu kwamba anacho, ila amekiweka kwa ajili ya binti yake? Alphonsine angeelewa. Angeelewa kabisa, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Akapiga simu nyumbani.

"Mmempima presha?"

"Tumempima," mkewe Vernice akasema. "Ni ileile uliyoambiwa ulipouliza sasa hivi."

Nyuma ikasikika sauti ya Jozelle, ya uvivu na ya kebehi. "Mwambie Baba nimeshapasuka. Aje na ufagio."

"Usitanie hivyo," Hesketh alisema, ingawa binti hakuwa akimsikia.

Aliingia nyuma, kwenye rafu, akalifungua kabati, akaliangalia boksi, akalifunga. Akaamua kumpigia Alphonsine na kumwambia kwamba amepekua vizuri na kumbe kilikuwepo kidogo. Watu husahau, si ndiyo? Akabonyeza namba, akakata kabla haijaita. Akajaribu tena, akakata tena. Safari ya tatu alipiga kiume, akakuta laini ina mtu. Alihisi nafuu, kisha akajichukia kwa ile nafuu.

Aliporudi mbele, Ma Bontemps alikuwa anaweka simu ya mezani chini.

"Madam Prosper wa Canelle huyo. Anasema uende uwanja wa ndege, ndege ya saa tisa."

"Kuna nini?"

"Hakusema. Kasema uende mwenyewe, usimtume mtu."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Ma Bontemps akamwangalia juu ya miwani. "Sauti ya Madam Prosper. Mr. Laronde, umemfanya nini yule mama wa watu?"

Njia ya uwanja wa ndege inapindapinda ukingoni mwa mlima, na Hesketh aliipita na pikapu lake vibaya kuliko siku zote. Alikuwa na hakika Alphonsine anakuja mwenyewe. Ameshajua. Labda mtu wa hospitali amemnong'oneza, labda ameisikia tu sauti yake ikisita. Atashuka kwenye ndege na mkoba wake mkubwa, ataomba apelekwe bohari, atasimama mbele ya kabati la chuma na kusema, fungua. Hesketh alitafuta la kumjibu katika kila kona, na kila kona ilimpa jibu la kijinga kuliko la nyuma.

Ndege ilikuwa imeshatua. Ilikuwa ni ile ndogo inayoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na rubani wake, Kapteni Curlan, ndiye mchukuzi wa dawa zote za kukopeshana, kwa kuwa mzigo anaoukumbatia rubani hauwezi kupotelea njiani. Walishuka abiria wachache, mama mwenye kuku wa kuchoma na vijana wawili wa kriketi. Alphonsine hakuwemo. Curlan alishuka mwisho akiwa na boksi lililozungushiwa utepe.

"Mzigo wako, Mr. Laronde. Madam Prosper ameniambia nikimkabidhi mtu mwingine ataninyonga kwa mikono yake."

"Ni kitu gani?"

"Magnesiamu. Anasema ni ya binti yako." Curlan alikuwa mtu wa maneno mengi, akaendelea huku akijifuta jasho. "Kasema nyie mmekauka kabisa, hata kwa nani sijui, mama mkwe. Kwao leo hakuna mjamzito mwenye taabu, wamebakiza kidogo tu wodini. Kwa hiyo katoa lote la bohari. Kasema binti asikae hivihivi na presha ile."

Hesketh alilipokea boksi kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoelewa. Alphonsine hakuwa akiomba. Alikuwa akizunguka kwa simu, kisiwa kwa kisiwa, kutafuta nani hana kabisa ili ampe. Akainamisha uso juu ya lile boksi.

"Vipi, mzee? Hukuitarajia?"

"Sikuitarajia."

Curlan akaenda kusimamia utiaji mafuta, maana alikuwa anageuza kurudi Canelle muda uleule. Hesketh alibaki kivulini mwa bawa. Simu yake ikalia mfukoni.

"Hesketh." Alikuwa ni Alphonsine, anahema. "Curlan ameshaondoka?"

"Bado. Anatia mafuta."

"Asante Mungu. Sikiliza, kaka. Tumeletewa mama hapa sasa hivi, kutoka mashamba ya juu, kifafa kimemshika ndani ya gari. Wamemchoma ile ya wodini, imemtuliza, lakini ni ya kuanzia tu. Ya kuendelea hatuna." Akavuta pumzi. "Naona haya kukuomba. Nimekupa halafu nakunyang'anya. Nigawie nusu. Nusu tu, hiyo nyingine ibaki ya Jozelle."

"Nakurudishia lote."

"Acha ujinga. Utabaki na nini?"

"Nusu inamtosha huyo mama?"

"Itabidi imtoshe. Daktari anataka lote, lakini nimemwambia apange kwa nusu, aanze kubana tangu sasa."

"Chukua lote, Alphonsine."

"Sichukui lote. Binti yako akishikwa leo usiku huko, mimi nitakutazama na macho gani? Gawa nusu, Curlan akusubiri. Usinichoshe, Hesketh, nina mtu anakufa hapa."

Njia ya kutokea ilikuwepo, na Hesketh aliiona vizuri. Angemkabidhi Curlan boksi zima, akae kimya. Alphonsine angelifungua jioni akakuta halijaguswa, na angelia. Angesimulia katika kila mkutano wa visiwa kwamba Hesketh Laronde alitoa dawa ya mwanawe mwenyewe kumpa mke wa mkulima asiyemjua. Angekuwa shujaa. Ila daktari wa Canelle alikuwa ameshaanza kubana, sasa hivi, tone kwa tone, kwa sababu ya uongo wake.

"Mwambie daktari asibane," akasema.

"Nimeshakwambia—"

"Asibane. Mimi ninalo."

"Unalo nini?"

"Ninalo boksi. Zima. Kwa mama mkwe. Lilikuwepo asubuhi uliponiuliza."

Upande wa pili palikuwa na kelele za wodi, magurudumu ya kitanda, muuguzi akiita jina la mtu. Hesketh akaanza kueleza, Jozelle, uvimbe, ile presha isiyoshuka, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kumwishia. Alisikia Alphonsine akimgeukia mtu na kusema, kwa sauti ya kazi tu, "Daktari, usipunguze. Linakuja lote." Kisha akarudi kwenye simu.

"Mpe Curlan simu."

"Dada, nisikilize kwanza."

"Mpe Curlan simu."

Alitembea mpaka kwenye pampu, akamnyooshea rubani simu. Curlan aliiweka sikioni akitabasamu, na tabasamu likamtoka taratibu.

"Ndiyo, madam. Ndiyo, analo mkononi. Hapana, sijamwona akilifungua." Akamtupia Hesketh jicho, kisha akatazama chini kwenye viatu vyake. "Mr. Laronde, samahani. Anasema nilifungue mwenyewe nihesabu kabla sijaondoka nalo."

Miaka yote hiyo Hesketh alikuwa amepeleka dawa Canelle katika maboksi ya viatu, katika mifuko ya sukari, safari moja ndani ya kofia ya Curlan. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu kilichotoka mkononi mwake. Alilinyoosha boksi, akalishikilia ili rubani apate nafasi ya kukata utepe kwa ufunguo. Curlan aliinama, akahesabu vichupa kwa kidole, midomo ikitikisika, simu imebanwa begani. Mhudumu wa mafuta alikuwa ameacha kazi yake akawa anatazama.

"Vipo vyote, madam," Curlan akasema. "Nimeviona kwa macho yangu. Sawa. Nitaviweka mapajani."

Akalichukua boksi kutoka mikononi mwa Hesketh, akamrudishia simu, akapanda ngazi bila kuaga.

Hesketh aliiweka simu sikioni. "Alphonsine," akasema. "Dada. Huyo mama anaendeleaje?"

Alikuwa ameshakata.