Salamu ya Mazikoni

Sauti ya Mwinyijuma, imamu wa msikiti wa makuti pale Vihingo, ilisifiwa hadi Chole, na mwenyewe hakuzikataa hizo sifa. Lakini tangu mwanawe Pazi aangukiwe na mti msituni na kufa, miezi saba sasa, alisalisha kwa mdomo tu. Moyo ulikuwa mkavu. Ijumaa hii, akivaa kanzu, alimwambia Mungu waziwazi, "Leo ukininyamazia tena, naacha. Na watafute imamu mwingine." Wala hakuwa na mzaha.

Mti ule aliuangusha Salumu, mwenzake Mwinyijuma tangu utotoni. Alikuwa amepiga ukelele wa kuonya, wakata miti wote walishuhudia, na karani wa Mwingereza akaandika kuwa ni ajali. Siku ya maziko Salumu alifika ukingoni mwa kaburi, macho yamemvimba, akasema, "Asalamu alaikumu, Mwinyijuma." Mwinyijuma akampa mgongo. Imamu mzima, anayewachapa watoto chuoni kwa kutoitikia salamu! Tangu siku hiyo walikwepana kila njia.

Basi, sala ikaanza. Fatiha ikapita salama. Akaingia kwenye sura aliyoihifadhi utotoni, aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuja.

Akairudia ya tatu. Bado. Imamu akikwama, aliye nyuma humsomea aya apate kuendelea, ila waumini wengi pale walijua sura fupifupi tu. Mtu mmoja akakohoa. Hii ndefu aliijua mmoja peke yake, kwa kuwa yeye na Mwinyijuma waliihifadhi kwenye ubao mmoja, wakigombea wino. Naye alikuwa amesimama safu ya mwisho.

"Yeyote, ya Rabi," Mwinyijuma akaomba moyoni, "ila huyo."

Hapo akashtuka. Ameomba! Miezi saba ya kuinua mikono, na dua ya kwanza kumtoka moyoni ilikuwa hii, dua mbaya kuliko zote. Na Aliyeombwa alikuwa karibu mno, karibu hata akaona haya.

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya Salumu, ndogo, inayotetemeka, ikisoma aya ya nne.

Angeweza kuinama kurukuu, sura akaiachia hapo. Fatiha ilikwishasomwa, sala ingekuwa sahihi, na hakuna ambaye angemlaumu. Mikono yake ilikwishaachana kifuani. Msikiti mzima ukasubiri, na wote walijua wanasubiri nini.

Akairudisha mikono. Akaichukua aya ile kutoka kinywani mwa Salumu, akaisoma kwa sauti iliyopasuka vibaya, isiyofaa kusifiwa hata mlangoni, kisha akaendelea mpaka mwisho wa sura huku ndevu zimelowa machozi.

Alipotoa salamu ya kumaliza sala na kuwageukia watu, nafasi ya Salumu ilikuwa tupu. Mwinyijuma hakungoja dua. Alitoka pekupeku, akapita mtungi wa kutawadhia, akamkimbilia hadi kwenye shamba la mihogo.

"Waalaikumu salamu!" akaita, akihema.

Salumu akasimama bila kugeuka. "Sijakusalimu, Mwalimu."

"Ulinisalimu, ndugu yangu. Pale kaburini."

Salumu akaketi palepale njiani, vumbini, na kanzu yake ya Ijumaa, akalia.